Jinsi ya kuelezea spishi mpya ya utitiri wa manyoya ya ndege waimbao

Mtaalamu aliye Poznań au São Paulo, ambaye hamjawahi kuonana, anatakiwa aweze kuweka slaidi yake chini ya hadubini, asome kurasa zako, na aseme kwa uhakika kama utitiri wake ni spishi uliyoieleza wewe. Kila hatua hapa chini inafanywa kwa ajili ya mtu huyo.

Mwongozo huu unafuata zaidi jenasi *Proctophyllodes*, yenye spishi zaidi ya 150, wengi wao wakiishi kwenye mbawa za ndege waimbao. Utitiri wanaotembea juu ya bapa la unyoya, kama hawa, kwa kiasi kikubwa hula mafuta yatokayo kwenye tezi ya mkiani, pamoja na kuvu na bakteria. Usiandike kwamba wanamdhuru ndege kama huna ushahidi. Vimelea kamili ni wale wa familia Syringophilidae: wanaishi ndani ya bomba la unyoya, hutoboa ukuta wake na kufyonza majimaji ya mwenyeji, yaani ndege wanayeishi kwake. Ukikuta hao, kumbuka kwamba sifa kuu za spishi hutazamwa kwa jike. Kwa *Proctophyllodes* hutazamwa kwa dume.

Kukusanya

Vibali kwanza. Tanzania utapitia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Kenya, NACOSTI (tume ya sayansi) na KWS (shirika la wanyamapori). Kibali cha kunasa ndege peke yake hakikuruhusu kupeleka sampuli nje ya nchi, na majarida mengi hukataa makala ambayo sampuli zake hazina karatasi.

Ndege akishatolewa wavuni, mweke kwenye mfuko safi wa kwake peke yake. Hapa ndipo makosa mabaya zaidi huanzia: utitiri huhama ndani ya mfuko, kisha anaandikwa mwenyeji asiye wake, na kosa hilo hunakiliwa kwenye vitabu kwa miaka. Kunjua ubawa mbele ya mwanga. Utaona nukta za rangi ya kahawia zimejipanga kati ya nyuzi za unyoya, karibu na uti. *Proctophyllodes* hukaa zaidi upande wa chini wa manyoya ya kurukia, *Trouessartia* upande wa juu, na *Analges* ndani ya manyoya laini ya mwilini. Andika mahali ulipowatoa, kwa sababu ni sehemu ya taarifa ya spishi.

Watoe kwa sindano nyembamba au brashi iliyoloweshwa ethanoli, na uwatie kwenye kichupa chenye ethanoli ya asilimia 96. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya kichupa, kwa kuwa wino wa kalamu hufutika. Iwe na jina la ndege, namba ya pete, mahali na viwianishi vyake, mwinuko, tarehe na jina la mkusanyaji. Lenga kupata madume matano na majike matano waliokomaa, na zaidi ukiweza. Dume mmoja huweza kuwa holotaipu kisheria, yaani sampuli moja inayobeba jina la spishi, lakini hawezi kukuonyesha vipimo vya spishi hiyo hupanda na kushuka kiasi gani.

Kutengeneza slaidi

Hatua hii isiharakishwe. Utitiri hawa wana urefu wa takriban mikrometa 250 hadi 600, na sifa zinazowatenganisha ni nywele na ngao (mabamba magumu ya ngozi) ambazo hazionekani mpaka mwili uwe angavu.

Watie kwenye asidi laktiki ya asilimia 10, kwenye joto la nyuzi 50 za Selsiasi, kwa saa 24. Wakibaki na weusi tumboni, waongezee muda, usiongeze joto. Baada ya hapo wapachike kwenye dawa ya Hoyer: maji yaliyokenekwa mililita 50, gundi arabiki gramu 30, klorali haidreti gramu 200 na gliserini mililita 20. Yeyusha gundi kwenye maji kwanza, kisha weka klorali haidreti, na gliserini mwisho. Usichemshe. Chuja kwa pamba ya kioo. Katika nchi kadhaa klorali haidreti inadhibitiwa kama dawa ya kulevya, kwa hiyo iagizwe kupitia maabara ya chuo au makumbusho.

Tone liwe dogo. Likizidi, utitiri huelea na kukaa mbali na kioo cha juu, na lenzi ya mafuta ya 100x haimfikii. Likipungua sana, kifuniko humkandamiza akatanuka ubavuni; upana wake hauaminiki tena, na umbali kati ya nywele hupotoka pia. Mzamishe hadi chini ya tone, mnyooshe miguu kwa sindano, kisha teremsha kifuniko kwa mshazari ili hewa itoke. Kausha slaidi ikiwa imelala kwenye oveni ya nyuzi 50, angalau siku tatu. Wiki moja au mbili ni bora zaidi. Mwishoni ziba kingo zote za kifuniko kwa laki. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam usiiruke hatua hiyo hata kidogo, maana dawa ya Hoyer huvuta unyevu wa hewa, na slaidi isiyozibwa huharibika.

Kuhakikisha ni aliyekomaa, na ni mpya

Dume wa *Proctophyllodes* mara nyingi hukutwa ameshikamana na mwenzake. Usidhani mwenzake ni jike mkomavu. Kwa kawaida ni nimfu wa mwisho, tritonimfu, ambaye dume anamlinda mpaka ajivue ganda na kukomaa. Jike mkomavu ana tundu la kutagia lenye epiginiamu, yaani upinde mgumu, mbele yake, na ncha ya mwili iliyogawanyika kuwa ndewe mbili zenye viambatisho virefu. Kwa upande mwingine, lava (mtoto wa hatua ya kwanza) ana jozi tatu za miguu badala ya nne. Kuna jenasi, *Analges* ikiwemo, ambazo madume wa spishi moja hutofautiana sana kwa ukubwa wa miguu ya tatu, na mtu asiyejua hilo atawapa majina mawili.

Baada ya hapo linganisha. Kwa *Proctophyllodes* anza na kitabu cha Atyeo na Braasch cha 1966, halafu tafuta spishi zote zilizoelezwa baadaye. Soma maelezo ya awali ya kila spishi inayokaribiana na yako, na omba kuazimwa slaidi za taipu (sampuli zilizotumika kuelezea spishi hizo) pale michoro isipotosha. Orodha ya spishi kwenye intaneti haitoshi.

Mwangalie ndege naye. Shomoro wa mijini, *Passer domesticus*, aliletwa Afrika Mashariki na watu, na utitiri wake *Proctophyllodes troncatus* ulielezwa na Robin mwaka 1877. Mbayuwayu wanaokuja kutoka Ulaya kila mwaka huja na utitiri wao, waliochunguzwa huko kwa zaidi ya karne. Nafasi kubwa ya kupata spishi mpya ni kwa ndege wakaazi wenye eneo dogo, kama wale wa misitu ya Usambara au Uluguru. Hata hivyo mwenyeji mpya si hoja. Kama umbo halitofautiani, una rekodi mpya ya mwenyeji, nayo inafaa kuchapishwa kama ilivyo.

DNA husaidia. Kuna njia za kuchota DNA bila kusaga mwili: ganda hubaki, unalipachika kwenye slaidi, na jeni ya COI, inayotumika kutambua spishi, kipande cha takriban besi 650, inapelekwa GenBank (hazina ya umma ya mifuatano ya DNA) ikiwa na namba ya slaidi hiyo hiyo.

Vipimo, michoro na maandishi

Sawazisha mikromita (rula ndogo) iliyo kwenye lenzi ya macho ya hadubini kwa kila lenzi kabla ya kupima, na toa vipimo vyote kwa mikrometa. Holotaipu apewe vipimo kamili. Parataipu, yaani sampuli nyingine zilizotajwa pamoja naye, wapewe kiwango cha chini na cha juu. Nywele za mwili zitajwe kwa mfumo wa majina wa Gaud na Atyeo wa 1996, pamoja na marekebisho ya Norton ya 1998 kwa nywele za koksa (sehemu ya mguu iliyo karibu na mwili). Kwa dume eleza urefu na upana wa mwili, ngao ya mbele na ya nyuma, umbali kati ya nywele c2, d2, e2 na h3, umbo la epimeriti za kwanza, yaani vijiti vigumu vilivyo tumboni kwenye shina la miguu (zimeungana kama Y, V au U, au ziko huru), upinde wa uzazi, urefu wa uume na unafika wapi ukilinganishwa na vifyonzi vilivyo kando ya tundu la haja, na umbo la bapa za nyuma. Taja pia ulipoanzia na ulipoishia kupima, la sivyo namba zako hazilinganishiki na za mtu mwingine.

Chora dume na jike, mgongoni na tumboni, kwa hadubini ya utofauti wa awamu au ya DIC (aina mbili zinazoonyesha vitu angavu) yenye bomba la kuchorea. Weka mstari wa kipimo kwenye kila mchoro.

Utofautisho ndio aya ya kuandika na kuandika tena. Taja spishi iliyo karibu zaidi, kisha sifa zinazotenganisha, kila moja kwa pande zote mbili: spishi mpya uume wake unafika wapi, ile nyingine unafika wapi. “Mkubwa zaidi” bila namba halimsaidii msomaji.

Jina na sheria

Kanuni za Kimataifa za Majina ya Kizoolojia zinataka uandike wazi kwamba spishi ni mpya, utaje holotaipu mmoja, na useme amehifadhiwa kwenye mkusanyo gani na uko wapi. *Proctophyllodes* ni jinsia ya kiume na *Trouessartia* ni ya kike, kwa hiyo kivumishi cha Kilatini katika jina kifuate jinsia hiyo. Jina la heshima kwa mwanamume huishia -i, kwa mwanamke -ae. Kwa mahali, -ensis hufaa jinsia zote mbili. Hakikisha jina halijatumika ndani ya jenasi hiyo.

Jarida likitoka kwa njia ya kielektroniki peke yake, makala lazima isajiliwe ZooBank (daftari rasmi la majina ya wanyama) kabla ya kuchapishwa, na uthibitisho wa usajili uonekane ndani ya makala yenyewe. Bila hivyo jina halihesabiki, hata kama michoro ni mizuri. Peleka holotaipu makumbusho mapema upate namba yake, na gawa parataipu kwenye makusanyo mawili au zaidi, angalau moja likiwa katika nchi alikokamatwa ndege.