Kupima mimba nyumbani, soma mistari vizuri
Dada zangu wa Kampala, kile kipimo cha duka la dawa kinatafuta homoni ya hCG kwenye mkojo, na hiyo inaanza kutoka mimba ikishajishikiza kwenye mfuko wa uzazi, so ukipima kabla siku zako hazijapita unaweza ukaambiwa hakuna kumbe ipo. Angalia tarehe ya kuisha kwenye pakiti. Tumia mkojo wa asubuhi, chovya bila kuvuka alama ya MAX, subiri dakika 5 hivi, ikipita 10 usisome tena. Mstari wa C (unaoonyesha kipimo kinafanya kazi) ukitokea peke yake hakuna mimba, mistari miwili ipo hata wa pili ukififia, C isipotokea kipimo ni kibovu, tupa. Hakuna na hedhi haiji? Rudia baada ya wiki. Maumivu makali tumboni na damu, kimbia hospitali tafadhali, usingoje kipimo.