Piga hesabu ya pointi zako za kidato cha sita kabla hujalipia maombi ya chuo

Mwaka jana, matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, mama mmoja alinijia nyumbani hapa Mafinga na mwanawe, wote wamejifunga makoti kwa baridi. "Kamwene, mwalimu," akasalimia, kisha akaniwekea mezani karatasi iliyochapwa steshenari. Kijana alikuwa na Divisheni ya Tatu ya pointi 14. Mwenzake wa dawati moja alikuwa na Tatu ya 14 vilevile, lakini yeye ameambiwa anaweza kuomba digrii na huyu ameambiwa hapana. Mama aliamini kuna upendeleo.

Upendeleo haukuwepo. Karatasi ile husomwa kwa hesabu mbili, na mbili hizo zinakwenda kinyume. Nawaombeni mzijue zote kabla ya kutoa hata shilingi ya ada ya maombi.

Anza na hesabu ya Baraza la Mitihani, NECTA. Chukua masomo matatu ya tahasusi yako. GS (maarifa ya jumla) na BAM (hisabati ya msingi), masomo ya nyongeza, usiyaguse. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S (ufaulu mdogo, chini ya E) 6, F 7. Jumlisha. Pointi 3 hadi 9 ni Divisheni ya Kwanza, 10 hadi 12 ya Pili, 13 hadi 17 ya Tatu, 18 na 19 ya Nne, na 20 au 21 ni sifuri. Hapa mwenye pointi chache ndiye aliyefanya vizuri.

Sasa igeuze. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu A kuwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Na haiangalii masomo matatu: inaangalia mawili, yale yanayotakiwa na kozi unayoomba. Yote mawili yawe ya prinsipo, yaani A hadi E, na jumla yake isipungue 4. Hicho ndicho kiwango cha chini. Kozi nyingine zinataka zaidi.

Nilichukua penseli nikawaandikia nyuma ya karatasi ileile. Kijana alikuwa na D, E, E. Kwa NECTA ni 4 + 5 + 5, yaani 14. Kwa TCU, masomo yake mawili bora ni D na E: 2 + 1, yaani 3. Mwenzake alikuwa na C, E, S. Kwa NECTA ni 3 + 5 + 6, nayo 14. Kwa TCU, C na E ni 3 + 1, inatimia 4. Mama aliitazama ile 3 kwa muda mrefu bila kusema neno.

Waliomaliza 2014 na 2015, enzi za GPA (wastani wa pointi uliotumika badala ya divisheni), wasitumie hesabu hii. Kwao B+ ilikuwepo, na C ina pointi 2. Wanahitaji angalau C mbili.

Ukishapata 4, usikimbilie kushangilia. Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huu kwenye tovuti ya TCU, usome masharti ya kozi yenyewe. Mwenye B ya Kemia, E ya Fizikia na S ya Hisabati ana pointi 5, lakini akitaka uhandisi, pale MUST Mbeya au kwingineko, ile S inamzuia, maana uhandisi kwa kawaida unataka Fizikia na Hisabati.

Maombi yanatumwa moja kwa moja kwenye tovuti ya kila chuo. Andaa namba zako za mtihani za kidato cha nne na cha sita, na namba ya simu iliyo mkononi mwako. Hili la simu nalisisitiza: binti mmoja niliyemfundisha aliandikiwa namba ya mwenye steshenari, na alipochaguliwa vyuo viwili, ujumbe wa kuthibitisha chuo kimoja ukaenda kwa huyo mwenye steshenari, ambaye hamkumbuki binti hata kwa jina. Tulihangaika siku tatu. Neno la siri liandike kwenye daftari lako, si la dukani.

Na pointi zikiwa 3? Prinsipo moja na S moja zinatosha kuomba stashahada, na ukimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi, ukiwa pia na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, unaweza kuomba digrii. GPA hiyo si wastani wa kawaida. Kila somo lina krediti zake: zidisha pointi za daraja kwa krediti, jumlisha yote, kisha gawanya kwa jumla ya krediti. Somo la krediti 12 ulilopata pointi 4 linakupa 48. La krediti 6 ulilopata pointi 2 linakupa 12. Ni 60 kugawanya kwa 18, yaani 3.3, wala si 3.

Yule kijana aliomba stashahada ya kilimo, Uyole. Karatasi yenye hesabu za penseli aliondoka nayo.