Ukikwama kwenye gitaa la besi: ya fundi cherehani wa Mbuyuni

Kazi yangu ni ushonaji. Nina cherehani mbili barazani, karibu na Soko la Mbuyuni hapa Moshi, na Jumapili napiga gitaa la besi kwenye kwaya ya vijana, ingawa ujana wenyewe ulishaniaga. Huu ni mwaka wa saba. Mitatu ya mwanzo nilikuwa palepale, na kila aliyeniuliza nilimwambia vidole vyangu ni vizito. Navisingizia bure. Shida ilikuwa sisikii ninachopiga.

Tuanzie hapo, maana wengi mnajifunza kwa simu. Uzi mnene wa besi, yaani E, ukipigwa wazi, bila kubonyezwa, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Kispika cha simu hakina ubavu wa kutoa sauti ya chini namna hiyo. Unachopata ni mabaki yake ya juu juu, ndiyo maana unarudia wimbo mara kumi na bado hujui besi inaelekea wapi. Tafuta hedifoni za waya, hata hizi za kutembezwa stendi. Halafu, kabla hujagusa gitaa, imba mstari wa besi kwa mdomo. Ukishindwa kuuimba ujue hujausikia bado, na ukiupiga utakuwa unabahatisha.

Umeme umekatika? Au huna amplifaya kabisa, kama mimi wakati ule? Kaa karibu na kabati la mbao. Egemeza kichwa cha gitaa, pale penye vikazio vya nyuzi, kwenye mlango wa kabati, kisha piga. Mbao inapokea mtetemo na sauti inajaa chumba. Usikandamize, maana shingo ikipinda hata kidogo sauti inapotoka. Siku ya kwanza mke wangu alifungua kabati kutafuta nyuki.

Sasa kikwazo kilichonitia aibu. Jumapili moja mwimbaji wetu wa kuongoza aliamka na mafua, mwalimu wa kwaya akashusha wimbo kutoka kii ya G hadi F (kii ni sauti inapokaa do ya wimbo), nami hakuniambia. Mimi nilikuwa nimekariri namba za freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya gitaa. Ubeti wa kwanza nilipiga G huku watu wanaimba F. Ubeti wa pili nikafunga sauti kabisa, nikawa nachezesha vidole tu ili nionekane napiga.

Baada ya ibada mzee mmoja, aliyewahi kupiga besi kwenye bendi za dansi, alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, solfa, ile do re mi, unaisoma?"

"Naisoma, mzee, tangu mtoto."

"Sasa mbona huipigi?"

Akanichorea nyuma ya bahasha ya sadaka. Nyuzi nne za besi, E, A, D na G, zimepishana kwa hatua ileile: kutoka uzi mmoja hadi unaofuata ni kama kutoka do hadi fa. Kwa hiyo weka do yako kwenye uzi wa E, tuseme freti ya 3, hiyo ni G. Fa iko freti hiyohiyo ya 3 kwenye uzi wa A. Sogea freti mbili mbele kwenye uzi huohuo wa A, umepata so, freti ya 5. Vuka kwenda uzi wa D, freti ya 5 tena, hiyo ni do ya juu. La iko uzi huohuo wa D, freti ya 2. Kwaya ikishuka hadi F, hamisha do hadi freti ya 1 na vingine vyote vinafuata. La inaangukia kwenye uzi wa D ukiwa wazi. Nyimbo zetu nyingi zinakaa kwenye do, fa na so, na la inapita mojamoja. Wiki mbili nilipiga hizo nne tu, kila kii, hadi nikaacha kuangalia shingo.

Vidole kuuma na nyuzi kukoroma, mara nyingi ni jambo moja: unabonyeza katikati ya nafasi. Bonyeza nyuma tu ya freti, karibu kuigusa, na utatumia nguvu kidogo. Nyuzi usizopiga zilaliwe na vidole visivyo na kazi, zisilie. Mimi sikuzilaza, na rekodi yetu moja inanguruma kama lori la mchanga linapanda Kibosho.

Kuhusu mwendo, cherehani ya miguu ilinifunza kitu. Kwenye mshono ulionyooka mguu unakimbia wenyewe. Ukifika kwenye kola unasinzia. Kwenye besi ni hivyohivyo, kiitikio rahisi tunakikimbiza. Weka metronomu ya simu, ile inayogonga mapigo, kwenye 60 kwa dakika, ukizoea ishushe hadi 30 huku mwendo wako ukibaki uleule, ili nusu ya mapigo uyabebe mwenyewe. Utajichukia siku tatu hivi.

Nyuzi zikifa sauti na hela ya seti mpya hakuna, zivue, zichemshe kama dakika 10, zifute na uzikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha. Zitang'aa kwa muda, si kama mpya. Sufuria ya maharage usiitumie, yangu nilinunulishwa nyingine.

Nafasi ya kufanya mazoezi ndiyo ngumu. Desemba na Januari ni sare za shule, nalala saa saba. Kwa hiyo gitaa linaning'inia kwenye msumari juu ya cherehani, halimo ndani ya mfuko wake, na pasi yangu ni ya mkaa. Kuanzia ninapouwasha hadi chuma kipate moto wa kunyoosha suruali ni kama dakika kumi na tano. Hizo ni zangu, mteja akija anakaa kwenye benchi.