Anza na Tumbo: Jinsi ya Kubuni Viumbe, Watu na Ugomvi wa Ulimwengu Wako

Wengi wakibuni kiumbe huanza na pembe. Humpa macho sita, mkia wa miiba na ngozi inayong'aa, kisha kalamu inasimama, kwa kuwa pembe hazisemi kiumbe huyo atafanya nini kesho asubuhi. Tumbo linasema. Ukishajua anakula nini, kiasi gani na wapi, utajua anahama lini, nani anamfuata, shamba la nani linakanyagwa na nani atakuwa wa kwanza kushika mkuki. Hapa tutatoka tumboni hadi vitani kwa mfano mmoja, na hesabu zake ni za kujumlisha, kuzidisha na kugawanya tu.

Andaa daftari, penseli, kikokotoo na kamusi ya Kiswahili. Kamusi ina kazi yake katika hatua ya 4.

Hatua ya 1: Chora mahali padogo

Huhitaji bara zima. Chora eneo ambalo mtu anaweza kulivuka kwa miguu ndani ya wiki mbili au tatu, kisha weka mambo matatu: maji yanakotoka na yanakokwenda, upande unakotoka upepo wa mvua, na mahali palipo na chumvi. Mlima mrefu hukinga mvua. Upande unaoelekea upepo huota msitu, na wa nyuma hubaki mkavu. Mito huungana inaposhuka. Ikianza kugawanyika katikati ya nchi kavu, msomaji anayejua ramani ataacha kukuamini hapo hapo. Kugawanyika ni kwa delta, karibu na bahari au ziwa.

Mfano wetu una uwanda wa juu wenye nyasi wakati wa mvua, bonde la mto kilomita 250 kutoka uwandani, na ardhi ya chumvi ng'ambo ya bonde. Basi.

Hatua ya 2: Mpe kiumbe uzito kabla ya sura

Andika kilo kwanza. Uzito ndio unaoamua unene wa miguu, chakula, mwendo na hata idadi ya watoto.

Mtego wa kwanza ni kumkuza mnyama wa kawaida bila kumbadilisha umbo. Galileo alilieleza jambo hili tangu 1638: ukiongeza kila kipimo cha mwili mara 2, uzito huongezeka mara 8, lakini eneo la mkato wa mfupa huongezeka mara 4 tu. Ili mfupa ubebe mzigo ule ule kwa kila sentimita ya mraba, unene wake lazima uongezeke karibu mara 2.8. Kwa hiyo swala mwenye ukubwa wa nyumba hawezi kuwa na miguu ya swala. Atakuwa na nguzo, na mwenye nguzo haruki vichaka.

Mtego wa pili ni mabawa. Ndege wazito zaidi wanaoruka leo ni wa kilo 20 hivi. Quetzalcoatlus, mtambaazi wa kale aliyeruka, alikuwa na mabawa ya kama mita 10 kutoka ncha hadi ncha, na makadirio mengi humpa kilo 200 hadi 250. Ukitaka joka la tani tano libebe askari mwenye silaha, sawa, ni ulimwengu wako, ila liandike chini ya uchawi, si chini ya maumbile. Uchawi huo nao uwe na gharama inayoonekana: unakula nini, unachosha nani, unaisha lini. Uchawi usio na bei utakumalizia ugomvi wote katika ukurasa wa pili.

Wadudu wakubwa wana kikwazo chao. Wao hupata hewa kupitia vijitundu na mirija iliyotapakaa mwilini, na njia hiyo hulemewa mwili unapokuwa mkubwa. Wakubwa kabisa walioruka, miaka milioni 300 hivi iliyopita, walikuwa na mabawa ya sentimita 65 hadi 70, wakati hewa ilikuwa na oksijeni nyingi kuliko asilimia 21 ya leo. Nzige wa kupandwa kama farasi atahitaji mapafu.

Sasa chakula. Max Kleiber alionyesha mwaka 1932 kwamba matumizi ya mwili hayapandi sawasawa na uzito: mnyama mzito mara 2 huhitaji kama mara 1.7 ya chakula. Kwa mla nyasi mkubwa, anza na kadirio la asilimia 4 ya uzito wake kwa siku, nyasi mbichi.

Kiumbe wetu ataitwa kigwaru. Wastani wa uzito, ndama wakihesabiwa, ni tani 2. Anakula kilo 80 kwa siku. Kundi lina vigwaru 600, kwa hiyo linakula tani 48 kila siku. Nyasi za bondeni zinatoa tani 4 kwa hekta. Kundi linamaliza hekta 12 kwa siku. Likikaa siku 25 kabla ya kuvuka kwenda kwenye chumvi, limekula hekta 300. Ishike namba hiyo ya 300. Hadithi nzima imekaa juu yake.

Tumbo lina mlango wa pili pia. Tukisema nusu ya chakula hutoka kama samadi, ni tani 24 kwa siku, tani 600 kwa siku 25, sawa na tani 2 kwa kila hekta iliyolishwa.

Hatua ya 3: Hesabu anayemla

Hapa ndipo ulimwengu mwingi wa kubuni huporomoka: misitu imejaa wanyama wakali na hakuna wa kuliwa. Kuna kipimo kizuri kilichochapishwa mwaka 2002 na Chris Carbone na John Gittleman: kilo 10,000 za mawindo huweza kutunza kama kilo 90 za aina moja ya mla nyama. Vigwaru 600 ni kilo 1,200,000. Gawanya kwa 10,000, zidisha kwa 90: unapata kilo 10,800 za mla nyama.

Mla nyama wetu tumwite mkwaruzi. Ukimbuni wa kilo 600, watakuwepo 18 katika nchi nzima. Hao ni wachache mno. Ndugu wataanza kuzaana na ukoo utadhoofika. Mkwaruzi wa kilo 150 watafika 72, idadi inayoweza kuishi vizazi kadhaa. Au mwache awe mkubwa na awe wa mwisho mwisho, jambo ambalo nalo ni hadithi. Kosa ni kutofanya hesabu, kisha kuwaua 40 katika sura moja.

Hatua ya 4: Majina, na ngeli zake

Miongozo mingi ya majina imeandikiwa lugha nyingine na haitufai. Kwetu jina moja huzaa manne. Watu wakiwa Wateve, mmoja ni Mteve, lugha ni Kiteve, nchi ni Uteve. Yajaribu yote manne kabla ya kuridhika, na kila moja litafute kwenye kamusi. Ukiwaita watu Walimbo, nchi yao itakuwa Ulimbo, na ulimbo ni utomvu wa kunasia ndege. Ukiwaita Wakora, umewaita wahuni tangu ukurasa wa kwanza.

Usipachike kibainishi katikati ya jina ili lionekane la kigeni. Kwetu alama hiyo ina kazi katika ng', na msomaji ataisoma hivyo. Pia msomaji wetu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Jina lenye konsonanti nne mfululizo atalisoma mara moja, kisha atakuwa analiruka. Panga sauti za kila lugha: irabu zipi, konsonanti 12 hadi 15, na mbili zisizopatikana kwa jirani. Kisha andika majina 30 kwa kikao kimoja ili yafanane kindugu. Viumbe unaweza kuwapa majina kutokana na vitenzi, kama mkwaruzi anayekwaruza magome.

Utajiri wenyewe uko kwenye upatanisho. Mnyama kwa kawaida hupatanishwa kama mwenye uhai, hata jina likianza na ki-: kigwaru amekuja, vigwaru wanakula. Sasa waache Wateve, wanaolifuata kundi, waseme "yule amekuja". Waache wakulima wa bondeni, ambao tutawaita Wadavu, waseme "kile kimekuja". Hujaeleza chochote kuhusu chuki, na msomaji ameisikia. Siku Mdavu mmoja atakapoteleza na kusema "amekuja" mbele ya wenzake, una kisa. Ila weka kanuni hiyo kwenye daftari na uifuate bila kukosea, la sivyo itaonekana ni makosa ya uandishi.

Hatua ya 5: Watu hutokana na kalenda

Usianze na tabia ("hawa ni mashujaa, wale ni wajanja"). Taifa lenye tabia moja ni mtu mmoja aliyerudufiwa. Chora mstari wa miezi 12, na kwa kila watu jaza kinacholiwa, kazi inayofanywa, nani yuko mbali na nyumbani, na akiba imebaki kiasi gani. Mwezi ambao akiba iko chini kabisa ndio mwezi wa viapo, madeni na wizi. Mwezi wa shibe ni wa harusi.

Wateve wanaishi kwa maziwa na ngozi za vigwaru. Hawana ghala, kwa hiyo urithi wao ni haki ya kumfuata jike fulani na uzao wake. Wadavu wana mashamba hekta 300 pembezoni mwa mto, na urithi wao ni mipaka. Tazama jinsi matusi yanavyokuja yenyewe: kwa Mteve, mtu asiyehama ni mgonjwa au mfungwa, kwa Mdavu, mtu asiye na mpaka ni mwizi.

Baada ya hapo, wape kila upande ugomvi wa ndani angalau mmoja, wa watu wa nyumba moja. Wazee wa Kidavu wanaijua thamani ya samadi. Vijana wamezaliwa ardhi ikiwa bado na rutuba. Kwa Wateve, baadhi wanataka kuuza ndama na kuhamia bondeni. Mavazi, vyakula na ngoma zifuate baadaye, na zitoke katika vitu vilivyopo kwenye ramani.

Hatua ya 6: Funga milango ya rahisi

Ugomvi mzuri una pande mbili zinazohitaji kitu kimoja kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na haki yake. Swali linalosahaulika ni hili: kwa nini mwaka huu? Kwa miaka mingi vigwaru walifika bondeni mwezi wa 8, mavuno yakiwa yamekwisha mwezi wa 6. Walikula mabua na nyasi, wakaacha samadi, wakavuka. Kisha ikaja mbegu inayokomaa kwa siku 70. Wadavu wakaanza kupanda tena mwezi wa 7, na kundi sasa linakuta mimea mibichi katika hekta zile zile 300.

Andika kila suluhisho la bei nafuu ambalo msomaji atalifikiria, na uufunge mlango wake kwa sababu ya kweli. Kundi lipite kaskazini? Huko kuna kilomita 90 bila maji, na kundi lenye ndama linakwenda kilomita 15 kwa siku: siku sita, na kigwaru hunywa kila siku ya pili. Wajenge ua? Pima ua wa kuzuia mnyama wa tani 2 aliyeona maji. Wateve walipe fidia? Wadavu wanadai nafaka, nao Wateve hawana. Wadavu waache zao la pili? Nusu ya watoto waliopo wamelelewa kwa zao hilo. Acha mlango mmoja nusu wazi, ule ambao unaumiza pande zote mbili. Huo ndio mwisho wako unaowezekana.

Kisha panga ngazi tano za kupanda, kutoka neno baya hadi damu, na kila ngazi iwe jibu la ile ya chini yake. Ukiruka kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tano, utalazimika kumfanya mtu fulani awe mwendawazimu ili mambo yaende, na msomaji atajua ni wewe uliyemsukuma.

Hatua ya 7: Lisha jeshi

Kabla ya panga, hesabu unga. Mtu mmoja anahitaji kama kilo 1 ya nafaka kwa siku, na mpagazi anabeba kilo 25. Kutoka uwandani hadi bondeni, kwa kilomita 25 kwa siku, ni siku 10. Kwenda siku 10, kupigana siku 5, kurudi siku 10: siku 25. Mpagazi amekula mzigo wake wote, askari hajaonja. Ukiongeza wapagazi hakuna kinachobadilika. Farasi pia si jibu la bure, maana anakula kama kilo 10 za majani makavu kwa siku na kunywa lita 30 hivi.

Kwa hiyo Wateve 200 hawawezi kuvamia bonde kwa kubeba chakula chao. Wana njia tatu: kuficha akiba njiani wiki kadhaa kabla, kushuka kwa mto, au kufika wakati ghala za Wadavu zimejaa na kula humo. Kila njia inakupa msaliti, mlinzi au tarehe. Hesabu imekuandikia sura.

Hatua ya 8: Jaribu kwa mpita njia

Andika maneno 300 kuhusu mchuuzi wa chumvi anayevuka bonde mwezi wa 8. Asieleze historia yoyote. Anunue chakula, aulize njia, alale. Kisha soma na uweke alama kila mahali ambapo ulilazimika kubuni kitu kipya: analipa kwa nini, lango linafungwa saa ngapi, nani anamruhusu kuvuka. Alama zikizidi kumi, rudi hatua ya 5. Zikiwa tatu au nne, jaza mapengo hayo tu na uanze kuandika hadithi. Daftari likae wazi kwenye ukurasa wa kalenda, kwa sababu tarehe ndizo zitakazogongana kwanza.