Dawa ya goti la atrozi: namna ninavyoitumia hapa Kadutu, mjini Bukavu

Goti langu la kuume lilianza kuniuma mwaka 2015, nikishuka sokoni na furushi la vitenge kichwani. Anayeijua Bukavu anajua kwamba hapa huendi popote bila kupanda au kushuka. Picha ikaonyesha atrozi: gegedu linalozuia mifupa isisagane limelika. Daktari aliniambia wazi kwamba hakuna kidonge kinachorudisha gegedu. Dawa inatuliza maumivu ili utembee, na kutembea ndiko kunalitunza goti. Mama aliyelielewa hilo hanunui chupa za miujiza zinazotembezwa barabarani.

Jambo la kwanza ni kujua jina la dawa yenyewe, lile linaloandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Mimi sikulisoma. Mwaka 2017 nilikuwa nameza diklofenaki asubuhi, na jioni vidonge vya rangi mbili nilivyouziwa kama "dawa ya mgongo". Ndani yake mlikuwa na ibuprofeni na parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu wa tumbo moja. Ukizimeza pamoja hupati nafuu mara mbili, unazidisha madhara. Wiki ya tatu choo changu kikawa cheusi kama lami, na nilipoinama kufunga furushi nikaona giza. Kilikuwa kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Nilivyolazwa sitaki mwingine alazwe hivyo.

Kwa hiyo siku hizi naanza na dawa ya kupaka. Jeli ya diklofenaki inafaa kwa goti kwa sababu kiungo chenyewe kiko karibu na ngozi, na dawa inayoingia kwenye damu ni kidogo. Nakaa kwenye kibao, napaka goti lote, mbele na pande zote mbili, nasugua taratibu mpaka ikauke, kisha nanawa mikono kabla ya kugusa macho au sombe (kisamvu) ya watu. Mara tatu au nne kwa siku. Usiifunge kwa bandeji ya kubana, wala usipake penye kidonda. Na usiihukumu kwa siku mbili. Ipe wiki mbili hivi.

Parasetamoli husaidia goti kidogo tu, lazima niseme ukweli. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini ni vidonge viwili vya miligramu 500, kisha unangoja saa sita, na usipite vidonge 8 kwa siku. Mzee, mtu aliyekonda au anayekunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kila jioni aulize kwanza, maana kwake kipimo hupungua. Vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli humo humo, na ukiumwa malaria mara nyingi utaongezewa nyingine, basi uihesabu.

Vile vidonge vyenye nguvu, ibuprofeni na wenzake, mimi mwenye kidonda cha tumbo sivigusi tena. Wewe ukiandikiwa, kula bugali (ugali) kwanza, chai peke yake haitoshi. Meza kipimo kidogo kinachokutosha, kwa siku chache za maumivu makali, usifanye desturi ya mwaka mzima. Uliza kama unahitaji omeprazoli ya kulinda tumbo, inayomezwa asubuhi kabla ya kula. Na kama una tansio, yaani shinikizo la damu, sema! Vidonge hivi vinaipandisha, na vikikutana na kaptopri, dawa ya tansio, pamoja na dawa ya kukojoza vinaumiza figo. Anayevitumia kwa muda mrefu apimwe tansio, na damu kuona hali ya figo.

Deksametazoni ndiyo inayonitia uchungu zaidi. Ni vile vidonge ambavyo mabinti wanameza wanenepe, na wauzaji wanawapa mama zetu kwa magoti. Maumivu yanakwisha upesi kweli, lakini ukizoea, mifupa inadhoofika na sukari inapanda. Kama umeshavimeza kwa wiki nyingi, usiache ghafla. Mwone daktari akupunguzie polepole.

Nina kaye ya shule, yaani daftari, ninamoandika kila siku maumivu, kuanzia 0 mpaka 10. "Asubuhi 7. Jeli. Saa nne 4. Nimepanda mpaka nyumbani kwa miguu, mara mbili kupumzika." Dawa ambayo kwa mwezi mzima haikushusha namba, narudi kwa daktari tuiache.

Kando ya dawa, kila jioni nakaa kwenye kiti, nanyoosha mguu, nahesabu mpaka tano, mara kumi kila upande. Goti likiwa la kuume, fimbo ishike kwa mkono wa kushoto. Ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza unaouma, hasa mvua ikinyesha.

Choo cheusi, kutapika damu, miguu kuvimba, mkojo kupungua au kifua kubana: acha vile vidonge vyenye nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Goti likiwa jekundu, la moto, na una homa, nenda pia, hiyo huenda si atrozi. Beba kaye pamoja na plaketi (karatasi za vidonge) zote ulizomeza, hata zilizokwisha, daktari asome majina mwenyewe.