SOMO: Kuukomboa wakati ukiwa na miaka 40 hadi 60 (someni kabla ya kuuliza)

Shalom wapendwa. Swali la "nina miaka arobaini na kitu, muda hautoshi, nifanyeje kama Mkristo" linarudi humu kila mara, na kila mara najibu upya. Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

Waefeso 5:16 inasema "mkiukomboa wakati". Kwetu kinachokombolewa ni kile kilichowekwa rehani: ni chako, ila kiko mikononi mwa mwingine na hakirudi bure. Muda wa mtu wa makamo uko rehani, tena mara nyingi kwa mambo mema: kamati, kwaya, kikoba, vikao vya harusi. Ndiyo maana kuamka mapema peke yake hakukusaidii. Saa utakayoipata alfajiri itadaiwa jioni.

Hatua ya 1. Wiki nzima tembea na daftari, andika kila nusu saa imekwenda wapi. Usisubiri kukumbuka usiku. Wiki ya msiba au ya Pasaka usiitumie.

Hatua ya 2. Wiki ina saa 168. Toa usingizi 49, kazi 45, foleni 15, kula, kuoga na shughuli za nyumbani 21. Zinabaki 38. Weka namba zako mwenyewe. Zikibaki chini ya 20, ama una kazi mbili ama foleni inakumaliza, anzia hapo.

Hatua ya 3. Zilizobaki zigawe kwa majina ya watu. Ukiandika "familia" utajidanganya. Andika "mke wangu: saa 2", "kijana wa kidato cha tatu: dakika 40", "mama kijijini: 0". Hiyo sifuri ndiyo kazi yako ya kwanza.

Hatua ya 4. Kabidhi vyeo. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma polepole. Orodhesha vyeo vyote ulivyonavyo, hata vile vidogo vya "katibu msaidizi". Baki na viwili, kimoja kanisani na kimoja nje. Vingine kabidhi kimoja kimoja, kila kimoja miezi mitatu. Mwezi wa kwanza mrithi anakutazama ukifanya. Wa pili anafanya yeye, wewe uko pembeni. Wa tatu huendi kabisa, hata wakikupigia. Mrithi atafutwe kabla hujatangaza. Ukisimama kikaoni ukasema "naomba mnipumzishe" bila jina wala tarehe, utajibiwa "tunaliombea", na mwakani bado uko pale pale.

Usijiuzulu kwa WhatsApp. Usiachie vyeo vitatu wiki moja. Watasema umekwazika na wazee wa kanisa watakuja nyumbani kukutuliza. Kama wewe ni mweka hazina, makabidhiano yawe ya maandishi: daftari la mapato na matumizi, stakabadhi, salio la siku hiyo, sahihi yako, ya mrithi na ya mwenyekiti. Jina lako litoke pia kwa watia saini wa benki. Benki itataka muhtasari wa kikao kilichopitisha mabadiliko, kwa hiyo hakikisha katibu ameyaandika. Ukiliacha hilo utaitwa kila hela inapotolewa. Na mwisho watakupa cheo cha "mlezi". Kikatae, mlezi huitwa kila kikao.

Hatua ya 5. Saa iliyorudi ipe jina siku hiyo hiyo, la sivyo simu itaimeza. Mfano: sura moja ya Agano Jipya kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Sura ziko 260, wiki 52, unamaliza kwa mwaka. Jumamosi ni ya kulipa ulizoruka.

Hatua ya 6. Pumzika. Kama Jumapili una ibada mbili na kikao, hiyo kwako ni siku ya kazi. Tenga nusu siku nyingine.

Hatua ya 7. Tafuta mtu mmoja mdogo kwako umfundishe unachokijua, saa moja kila baada ya wiki mbili (2 Timotheo 2:2). Mara nyingi ndiye anayekuwa mrithi wa hatua ya 4.

Hatua ya 8. Rudia hatua ya 1 kila Januari na Julai.

MASWALI

Mjumbe_Mpya: Mkuu sijasoma yote, ni ndefu. Nina 47, nianzie wapi?
— Hatua ya 1. Mistari miwili tu.

Askari wa Maombi: Huku ni kufundisha watu wakimbie utumishi. Mathayo 9:37, mavuno ni mengi, watenda kazi ni wachache!
— Endelea mstari wa 38: tuombe Bwana wa mavuno apeleke watenda kazi. Sijaona mahali mtu mmoja ameambiwa avune shamba zima. Na Yethro, mkwewe Musa, hakumwambia aongeze bidii, alimwambia "jambo hili ufanyalo si jema" (Kutoka 18:17), kisha akamshauri aweke wakuu wa maelfu, mia, hamsini na kumi. Nimesema ubaki na cheo kimoja kanisani. Soma tena.

Zamu ya Usiku: Mimi ni muuguzi, zamu zinabadilika. Wiki moja hainipi picha, na alfajiri ndiyo narudi nimechoka. Nafanyaje?
— Dada, swali zuri. Andika mzunguko mzima wa zamu badala ya wiki. Ukiwa wa siku 14 hesabu yako inaanza na saa 336. Kusoma na kuomba usikufunge kwenye saa, kufunge kwenye tendo: ukishaamka, kabla ya kugusa simu, hata kama ni saa tisa alasiri. Ukijaribu mara tu unapotoka zamu utasinzia kwenye mstari wa pili. Kwa kazini, Zaburi ya 134 ina mistari mitatu tu, na inawataja wanaosimama usiku.

Nasubiri Sitini: Si nikistaafu nitapata muda wote? Kwa nini nijisumbue sasa?
— Una miaka mingapi?

Nasubiri Sitini: 50.
— Mpaka 60 ni kama wiki 520. Mtoto wako wa mwisho atakuwa ameshaondoka nyumbani. Na mstaafu ndiye wa kwanza kupewa vyeo, "kwa kuwa ana muda".

Mama Kwaya: Naongezea kuhusu harusi. Toa mchango wote kabla ya kikao cha kwanza. Aliyemaliza ahadi hapigiwi simu, na akikosa vikao hakuna anayenuna.
— Hii naichukua.

Zamu ya Usiku: Na kama wamekuweka kamati bila kukuuliza?
Mama Kwaya: Jibu siku hiyo hiyo, kwa mwenyekiti, kwa simu ya kuongea. Ukikaa kimya siku tatu kwenye kundi umeshakubali, na kadi zinachapwa na jina lako.