Kabla hujavuka Busia kwenda kula raha Jinja ama Kampala, angalieni karatasi za kila mtu kwanza

Desemba ikikaribia simu yangu hailali, ni washikaji wa Kisumu, Kakamega na hata Nakuru wananiuliza wikendi ya Kampala inakaaje, gari ni pesa ngapi kila mtu, Kabalagala ni klabu gani iko na muziki mzuri, tunalala wapi, na karibu hakuna anayeniuliza kuhusu karatasi, na karatasi ndizo huharibu safari nyingi kuliko kitu kingine chochote. Hizi safari nimezipanga miaka kadhaa sasa na nawaambia kwa moyo mweupe, sherehe haiharibikii klabuni, inaharibikia mpakani saa mbili usiku wakati watu 13 wako ndani ya nissan na mtu mmoja amekwama dirishani kwa afisa wa uhamiaji.

Ilitupata hiyo. Tulitoka Kisumu saa kumi jioni, mshikaji mmoja alikuwa amekuja na mgeni wake Mjerumani, kijana mzuri tu, alikuwa amelipa dola 30 zake za eTA ya Kenya, ile idhini ya kusafiri unaombea mtandaoni, na kwa kichwa chake akajua hiyo inamtosha Afrika Mashariki yote. Haimtoshi hata kidogo. Uganda iko na viza yake, dola 50 ya kuingia mara moja, na inaombwa mtandaoni kabla hujafika. Basi mgeni na mwenyeji wake wakabaki kulala Busia, sisi tukafika Jinja usiku umeenda, meza tuliyokuwa tumelipia ishapewa watu wengine, na rafiki yetu mpaka leo anajilaumu ilhali kosa lilikuwa la sisi wote kwa sababu hakuna aliyemuuliza yule mgeni amebeba nini. Kama kwa kundi lenu kuna mgeni wa mbali anayetaka kuona Kenya, Uganda na Rwanda kwa safari moja, iko ile viza moja ya watalii ya nchi hizo 3, ni dola 100, siku 90, anaingia na kutoka kati ya hizo nchi bila kulipa tena, lakini lazima aiombe kwa nchi ile anayoingia kwanza. Hawezi kuja na eTA ya kawaida halafu akifika Busia aseme anataka kubadilisha.

Wengi hawaelewi kwa nini wewe unapita na kitambulisho tu na mwenzako anasimamishwa, wanadhani afisa amemchukia. Hizi sheria huenda kwa kulipana, nifungulie nikufungulie. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana tangu 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa, ndio maana Mganda anakuja Kisumu kwa urahisi uleule wewe unaenda Kampala. Tanzania haikuingia kwa huo mpango, kwa hivyo usichukue mazoea ya Busia ukayapeleka Isebania ukitaka kwenda kuburudika Mwanza, huko beba paspoti ama upate kibali cha muda cha kusafiria kabla hujatoka. Na kuwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki si sawa na kuwa kwa mpango wa kitambulisho. Somalia iliingia kwa jumuiya 2024, lakini Kenya ilipoondolea Waafrika eTA 2025, Somalia na Libya ndizo zilizoachwa nje. Kwa hivyo yule rafiki yenu Msomali wa kutoka Mogadishu msimuhesabu kama mnavyojihesabu.

Na huko kulipana si mara zote mizani inalala sawa, hilo huniuma kusema kweli. Mzungu anaingia kwetu kwa dola 30 na fomu ya dakika chache, mimi nikitaka kwenda kusikiza muziki Berlin wikendi moja naanza na ada ya yuro 90 ya viza ya Schengen (iko hapo tangu Juni 2024), taarifa za benki, barua ya kazi, miadi, na bado naweza kunyimwa na pesa hairudi. Waingereza nao wako na ETA yao, lakini hiyo ni ya nchi ambazo hazihitaji viza na sisi hatumo, sisi ni viza moja kwa moja, kwa hivyo ukiona mtu kwa mtandao anasema London siku hizi ni ETA tu jua hakuandikii wewe. Brazil walikasirika wakafanya kile nchi nyingi huogopa, tangu tarehe 10 Aprili 2025 Mmarekani, Mkanada na Mwaustralia wanaomba viza kwa sababu nchi zao zinamdai Mbrazili viza. Afrika Kusini ndio imetufungulia vizuri, tangu Januari 2023 Mkenya anaingia bila viza mpaka siku 90 kwa mwaka, na wale wa Johannesburg na Cape Town mnajua kwa nini natabasamu nikiandika hivyo. Kabla ya kukata tiketi ya kwenda popote, uliza paspoti yako WEWE inapewa nini na nchi unayoenda, usiulize mwenzako aliingiaje.

Turudi Busia. Kitambulisho tunachosema ni kile chenyewe, kadi, mkononi. Picha kwa simu haisaidii, fotokopi haisaidii, na binamu yangu alikataliwa na ile karatasi ya kungojea kitambulisho aliyopewa baada ya kupoteza cha kwanza, akarudi Kisumu na matatu ya usiku akilia. Ukivuka na kitambulisho unapewa kibali cha muda, hicho kikaratasi ndicho kinaonyesha uliingia kihalali, kiweke pamoja na kitambulisho na usikiache kwa suruali unayoenda kufua. Ukiwa na paspoti nenda na paspoti, muhuri unaongea kuliko maneno.

Busia na Malaba siku hizi ni kituo kimoja cha mpaka, Busia ilifunguliwa rasmi Februari 2018, maana yake ukitoka Kenya hushuki mara mbili, unamalizana na Wakenya na Waganda kwa jengo moja upande wa Uganda, na ukirudi ni kinyume chake. Vituo viko wazi saa 24. Sasa hapo katikati kuna vijana wa boda watakuambia twende na njia za panya, dakika tano uko ng'ambo, hakuna foleni. Tafadhali msikubali. Mama wa Busia anayevuka kwenda kununua ndizi na kurudi mchana huohuo kila mtu anamjua pale, wewe unaenda kilomita 200 ndani ya nchi ya watu, ukisimamishwa Kampala saa tisa usiku ukitoka klabu huna kibali wala muhuri utaeleza nini? Hapo hujakuwa mtalii tena, uko nchini kinyume cha sheria, na utazungumza kama mtu mwenye hatia kwa yeyote atakayetaka kukutoa pesa.

Halafu kuna kadi mbili za manjano na watu huzichanganya kila mara. Ya kwanza ni ya mwili wako, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, Uganda wanaidai na Kenya pia wanaweza kukudai ukirudi kwa sababu umetoka nchi yenye huo ugonjwa. Sindano ni moja, cheti kinaanza kufanya kazi baada ya siku 10, na tangu 2016 kinakaa maisha yako yote, kwa hivyo ile ya zamani imeandikwa miaka 10 usitupe. Siku 10 hizo ndizo huwashika watu, anaenda kudungwa Alhamisi na safari ni Ijumaa. Ya pili ni ya gari, bima ya COMESA, kama mnaenda na gari lenu hiyo lazima, pamoja na logibuku, na kama gari si lako barua ya mwenye gari inayokuruhusu kulivusha, na kile kibali cha muda cha forodha cha kuingiza gari. Na ukipita pale kwa watu wa afya ukipimwa joto usianze kununa, Uganda ilikuwa na Ebola 2022 na tena mwanzo wa 2025, wanatulinda sisi wote.

Pesa badilisha kidogo pale mpakani, shilingi yetu moja ni kama 28 zao, elfu moja inakuwa karibu elfu 28 na hapo ndipo kichwa kinazunguka, mtu anaona manoti mengi anajiona tajiri. Hesabu kabla hujamwachia yule kijana noti zako. Hesabu tena.

Sasa mambo ya usiku wenyewe. Miaka ni 18 kuingia na kunywa, huko kama hapa, na kitambulisho hichohicho kitaulizwa mlangoni. Mimi kwa gari langu sibebi mtu wa chini ya 18 hata awe mdogo wa nani, na hapa naomba mnisikize vizuri. Kuna wanaume wanavuka mpaka wakidhani wasichana wa ng'ambo hawalindwi na sheria. Sheria yetu ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 iko na kifungu kizima cha utalii wa ngono kwa watoto, kifungo si chini ya miaka 10, na inaweza kukufuata kwa kosa ulilofanya nje ya Kenya. Uganda nao ukilala na mtu wa chini ya 18 ni kosa zito sana. Kama hujui umri wake, ondoka hapo.

Biashara ya ngono Uganda ni kosa, usiende ukidhani ni starehe ya halali kwa sababu umeona inafanyika wazi. Na kwa wenzangu wapenzi wa jinsia moja, nawaambia hili kwa uzito na kwa upendo, ile sheria ya Uganda ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja iko na kifungo cha maisha na kwa makosa mengine kifo. Mahakama ya Katiba ya huko Aprili 2024 iliondoa vipengele kadhaa kama kile cha kulazimisha watu kuripoti wenzao, lakini sheria kwa jumla ilibaki. Programu za kutafuta wachumba zifuteni kabla hamjafika Busia, chumba kimoja cha watu wawili fikirieni mara mbili, na kama moyo unakataa kwenda msilazimishwe na kundi.

Shisha huko imepigwa marufuku, bangi ni kosa pande zote mbili, na miraa iache nyumbani manake wenzetu wana sheria tofauti kabisa kuihusu. Dereva asiguse pombe, sisi tuna alcoblow na wao wana kawunyemu, zote ni za kupima pombe kwa pumzi, jina ndilo tofauti, sisi huwa tunalipa dereva chumba chake na chakula chake alale wakati tunacheza, hiyo ndiyo pesa nzuri kuliko zote mnazotoa.

Kuwekewa mchele, yaani dawa ya kukulewesha kwenye kinywaji, kunatokea Kondele ya Kisumu, kunatokea Nakuru, na kunatokea Kampala, tofauti ni kwamba Kampala ukizinduka huna simu, huna kitambulisho, na hicho kitambulisho ndicho ulichovukia. Glasi isiondoke machoni pako. Wekeni kitambulisho na kibali hotelini kama klabu mshaingia jana na wanawajua, mbebe fotokopi, na mtu mmoja ambaye hanywi awe na picha za karatasi za kila mtu na namba ya ubalozi wa Kenya Kampala. Kondomu beba za kwako kutoka nyumbani. Na kama kumetokea jambo usiku huo, kwa kutaka ama kwa kulazimishwa, dawa za PEP, zile za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora, kwa hivyo usisubiri mpaka Jumatatu urudi Kisumu ukiona aibu, zitafute palepale uliko.

Watu wa Nakuru nanyi mnapokea wageni, mbio za magari za Safari Rally tangu zirudi kwa mashindano ya dunia 2021 Waganda wanashuka Naivasha na magari yao kwa misafara, muziki mpaka asubuhi. Mambo ni yaleyale yakigeuzwa, mwambieni mgeni wenu aje na kitambulisho chenyewe, cheti cha homa ya manjano na bima ya COMESA, na mumweleze mapema kuhusu mifuko ya plastiki, hapa ilipigwa marufuku 2017 na kule wanapewa kaveera kwa kila duka. Hata nyinyi mkirudi na ndizi na nanasi za Jinja zihamisheni kwenye kikapu ama gunia kabla ya mpaka. Kile kibali cha muda kitoeni mapema kikiwa mkononi, na dereva ahesabu vichwa kabla ya kuwasha gari, tuliwahi kufika Bumala ndipo tukagundua mmoja alibaki kwa foleni ya choo.